Sista Aliporudi Zamu

Pale Mwabungo tulimwita Sista, ingawa kwa zaidi ya miaka kumi hakuwa na wodi, wala zamu, wala mgonjwa. Alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto wanne na mume mpishi. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti uliochakaa, ambao kila mwaka tuliahidiana kuutengeneza na kila mwaka tukaupitia tu kwenye matundu yake. Mimi ni fundi cherehani wa kike, kazi yangu naifanyia barazani, na akaaye barazani huona mengi bila kuinua shingo.

Watoto wa mtaani walidhani Sista ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mgeni mmoja aliyehamia jirani yetu alidhani ni mtawa wa kanisa, na alipomwona na mimba ya mtoto wa nne alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama kanisani kwao wanajua. Sista aliposikia alicheka kwa wiki nzima. Ukimkuta anateka maji anacheka peke yake, basi unajua ni lile la utawa.

Uuguzi alikuwa ameuacha, lakini uuguzi haukumwacha. Alinawa mikono hadi viwikoni, kidole baada ya kidole, kisha akaiinua juu ikichuruzika, asiguse kitu, hata kama alikuwa anakwenda tu kukanda unga wa chapati. Watoto wake nao walinawa vivyo hivyo, na shuleni wenzao waliwaigiza. Ukimsalimu, alikuitikia huku akikutazama kucha, weupe wa macho na vifundo vya miguu.

"Marahaba, mwanangu. Na hizi kucha mbona zimepauka? Mboga unakula au unazitazama tu?"

Alikuwa na misemo yake ambayo sikuisikia kwa mtu mwingine. Mtu akilia kwamba ugonjwa umemjia ghafla, yeye alisema, "Mwili hauna adabu, haupigi hodi." Na majirani walipojazana kwa mgonjwa, kila mmoja na pole yake, yeye aliwapenya katikati akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Pole haipimi homa," alisema. Wengine walimwona mkavu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema si ukavu, ni kwamba Sista huruma yake ilikuwa inakaa mikononi, haikupata nafasi ya kupanda mdomoni.

Alitoka bara, akaja huku pwani kwa kazi akiwa msichana. Kiswahili chake cha mwanzo kilikuwa cha kukata kata, cha mtu anayewahi mahali. Mama yangu ndiye aliyemtengeneza. Sista akipita asubuhi na kusema, "Habari, mama," mama alinyamaza kimya kama hakusikia, akaendelea kuchambua mchele. Hata siku moja Sista akasimama, akaweka ndoo chini na kusema, "Shikamoo, mama." Mama akainua kichwa. "Marahaba, mwanangu. Kumbe unayo sauti." Tangu hapo wakawa mtu na mwanawe. Kanisa lake hakulikosa Jumapili, na Ramadhani ilipoingia hakukaanga samaki mchana, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu.

Lakini nisimfanye malaika. Mwanamke huyu aliyetazama jipu la mtu bila kupepesa jicho hakuweza kumshika mwanawe akidungwa sindano. Kitindamimba wake, binti, mimi ndiye niliyempakata akichanjwa. Mamake alibaki nje ya zahanati, ametupa mgongo, anatazama kuku wa watu. Nilipotoka aliniuliza bila kugeuka:

"Amelia?"

"Kidogo."

"Na mimi," akasema, akajifuta uso kwa pembe ya leso.

Alituhubiria chumvi, hasa sisi wenye umri wa kupanda presha. Alituambia chumvi inaua polepole na kwa heshima. Kisha ukizunguka nyuma ya nyumba yake ukamkuta amejificha na embe bichi, chumvi na pilipili, anakula kama mwenye mimba changa. Nilimkamata mara nyingi. Alinijibu bila haya kwamba ile ilikuwa chumvi ya embe, na yeye aliyoikataza ilikuwa chumvi ya mchuzi.

Kuhusu kwa nini aliacha kazi, nilimsikia akitoa sababu mbalimbali kwa watu mbalimbali, na sidhani kama kuna iliyokuwa ya uongo. Kwa wanawake wa kanisani alisema zamu zake na za mume zilikuwa zinagongana. Kwa mama yangu alisema mtoto wa pili alikuwa na kifua kibovu na hakutaka kumwachia mtu. Mimi aliniambia siku moja tukiwa tunaanika nguo, kila mtu upande wake wa ua.

"Nilikuwa wodini nimempakata mtoto wa watu, namnywesha maziwa kwa kikombe, na kifua changu mimi kimejaa kinavuja. Wangu yuko nyumbani analia. Nikajiuliza, hivi hapa mwenye akili timamu ni nani? Nikaomba mwaka mmoja."

Mwaka ukazaa mwaka. Akaja mtoto wa tatu, kisha wa nne. Sare yake ya zamani aliichana vitambaa vya kupangusia meza, naye hakuona ajabu yoyote. Kitambaa kilikuwa kizuri, alisema, kinanyonya maji. Sikumsikia akijuta. Ila alikuwa na tabia moja ambayo nadhani hata mwenyewe hakuijua. Ambulensi ikipita barabara kuu kuelekea Msambweni, ikilia, alisimama palepale alipo. Kama alikuwa anasonga ugali, mwiko ulisimama. Alisikiliza mpaka sauti iishe kabisa, kisha akaendelea kusonga, na ugali ule mara nyingi ulikuwa na mabonge.

*

Mwaka ambao kitindamimba alianza shule, Sista alikuja barazani kwangu asubuhi, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaokota vipande vya nyuzi sakafuni kimoja kimoja. Nikasimamisha cherehani.

"Nataka kurudi kazini," akasema.

"Kazi ipi?" Neno lilikuwa limeshatoka.

"Kazi yangu."

Akanieleza. Leseni yake ilikuwa imelala muda mrefu mno, haikuwa jambo la kuiamsha tu kwa kuomba. Ilibidi arudi hospitalini afanye kazi miezi kadhaa chini ya macho ya wengine, kama mwanafunzi, mpaka waridhike kwamba anaweza kuaminiwa na roho za watu. Hospitali aliyopangiwa ilikuwa upande wa Msambweni.

"Naomba mtoto akitoka shule aje kwako mpaka mmoja wetu arudi. Hatakusumbua. Mpe vifungo avipange rangi, atakaa."

"Hilo si la kuomba, dada. Na baba watoto amesemaje?"

"Bado sijamwambia. Nilitaka nijue kwanza mtoto atakaa wapi, maana najua ndilo atakaloanza nalo."

Hakuanza nalo. Mumewe alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mwenye nyayo laini. Aliweza kufika mlangoni usimsikie. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na sifa zake zilivuka hadi Ukunda. Wazungu walimwita atoke jikoni wampe mkono. Lakini nyumbani kwake, kwa miaka yote niliyowajua, sikumwona akishika hata kifuniko cha sufuria. Jioni ile nilikuwa barazani nakunja kazi yangu, na ua wetu, kama nilivyosema, ulikuwa na matundu.

Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa nani atapika?"

Kisha nikamsikia Sista akianza kucheka, akacheka mpaka nikasikia kiti kikilia.

"Baba, hebu rudia."

"Nimeuliza nani atapika."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Kule ni kazi," akasema mzee wa watu. "Kule napika kwa sababu nimeajiriwa."

"Na mimi hapa," Sista akasema, naye sasa hakuwa anacheka, "miaka yote hii nimepika kwa sababu gani?"

Siku kadhaa zilizofuata mume yule alipita mbele ya baraza yangu akanisalimu kwa haraka, macho yakiwa chini, kama mtu aliyejua kwamba na mimi nasubiri jibu lake. Kisha Jumatatu moja akabadilisha zamu yake hotelini, akawa anaingia alfajiri na kurudi mchana. Hakumwambia mtu kwa nini. Tulijua tu pale harufu ya kitunguu saumu na siagi ilipoanza kupita kwenye ua, na mke hayupo.

Ile miezi ya kwanza watoto waliteseka kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Baba yao hakujua kupika chakula cha nyumbani. Alikata karoti kama maua. Alimwaga mchuzi sahanini kwa mzunguko, akapangusa ukingo wa kila sahani kwa kitambaa, na kabla hajaridhika hakuna aliyeruhusiwa kushika kijiko. Kitindamimba alitazama sahani yake siku ya kwanza, akauliza, "Baba, hiki ni chakula au ni picha?" Wale wakubwa walikuja kwangu mmoja mmoja, wakijifanya wamekuja kuazima sindano, wakaondoka na viazi vya nazi.

*

Ya hospitalini nayajua kwa sababu Sista alinisimulia kila alipokuja kumchukua mtoto. Alikuwa anavua viatu, ananyoosha miguu barazani, anasimulia huku anajikanda nyayo.

Msimamizi wa wodi aliyowekwa alikuwa kijana wa Kinondo, muuguzi ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Kijana yule alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kila asubuhi alimwamkia kwa adabu zote za kwao, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha kwa sauti ileile akamwamrisha.

"Shikamoo, mama. Watoto hawajambo? Baba naye? Alhamdulillahi. Sasa, mama, ile dripu ya kitanda cha dirishani umeifunga vibaya. Ifungue uanze upya."

"Angekuwa ananikemea ningejua pa kuweka hasira," Sista aliniambia. "Ananisalimia kwanza. Nitamkasirikia vipi?"

Mambo yalikuwa yamebadilika. Dawa alizozijua kwa miaka zilikuwa zimeachwa, na zilizochukua nafasi yake zilikuwa na majina ya kumpinda ulimi. Yaliyokuwa yakiandikwa kwa mkono sasa yalichapwa kwenye kompyuta, naye alichapa kwa kidole kimoja huku wasichana wa zamu wakimsubiri kwa subira iliyoonekana. Jioni alikaa na binti yake mkubwa wakijifunza kuchapa kwenye simu. Binti alimsomea, mama akachapa, na nilisikia, "Hapana, mama, hiyo umeandika 'kuharibu', ni 'kuharisha'."

Hayo yote aliyacheka. Lililomvunja lilikuwa dogo na lilikuwa mtoto.

Alikuja mama mmoja mdogo kutoka Munje na mtoto mchanga aliyeharisha mpaka macho yakazama. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji kwenye mshipa, na mishipa yake wakati huo inakuwa imejificha, myembamba kama uzi. Sista alijaribu mkono, akakosa. Akajaribu mguu, akakosa. Mtoto hakuwa hata na nguvu za kulia vizuri, alikuwa anafungua mdomo tu. Yule mama hakupandisha sauti. Alimtazama Sista usoni akasema, "Samahani, mama. Naomba uniitie nesi mwingine."

Msimamizi alifika, akapiga goti kando ya kitanda, akaupata mshipa. Sista alisimama akaangalia, kisha akatoka nyuma ya jengo, kwenye kamba za shuka, akakaa huko mpaka zamu yake ilipokwisha.

Jioni ile hakuvua viatu kwangu. Alisimama ngazini, akamshika mtoto mkono.

"Kesho usimngoje. Nitakuwa nyumbani."

"Kuna nini?"

"Mikono yangu imenisahau," akasema. Na kwa kuwa nilifungua mdomo kusema pole, akanitazama, nikaufunga.

Asubuhi yake nilisikia mafuta yakichemka upande wa pili. Alikuwa anakaanga mahamri. Watoto walikuwa wameamka wanaimba. Nyumba ile haikuwa imenukia iliki kwa miezi. Nilikuwa nafagia ukumbi wangu wa nje, na namshukuru Mungu kwa ule ua mbovu, maana yaliyosemwa pale ningetaka kila mwanamke ayasikie.

Mumewe siku hiyo alikuwa na mapumziko. Alikuja na zile nyayo zake zisizosikika, akasimama mlangoni pa jiko.

"Unafanya nini hapa?"

"Nawapikia watoto wangu. Mpaka watosheke. Yale mengine nimeyaacha."

"Nimeloweka mbaazi tangu jana."

"Nimeziona. Nitazipika."

"Hizo ni za kwangu," akasema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani alikuwa anayatafuta. "Unakumbuka nilipoungua mkono? Niliporudi kazini nilikata kitunguu kama mtoto. Vidole havisikii. Wadogo zangu jikoni wananiona. Mkubwa wetu hakuniambia pole, hakuniambia nikapumzike. Aliniletea gunia la vitunguu akaliweka mbele yangu. Akaniambia, kata. Nikakata nalia, na hakuna aliyejua nalia nini, maana ni vitunguu."

Mafuta yalikuwa yanaungua, niliyasikia.

"Mimi nilioa nesi," mumewe akasema. "Mpishi nilikuwa naye tayari. Toka jikoni kwangu."

Sista alitoka nyumbani jua limeshapanda, vumbi la unga bado liko mashavuni. Mimi nilijifanya natafuta kitu mchangani.

Kazini msimamizi alimwona akiingia. "Shikamoo, mama. Umechelewa."

"Marahaba. Nimechelewa."

Hakumuuliza alikuwa wapi. Alimwambia kuna mtoto mwingine amefika sasa hivi na anahitaji dripu, na kwamba Sista ndiye atakayemwekea. Akasimama karibu naye, mikono nyuma.

"Usiutafute kwa macho, mama. Macho yanakuharakisha. Weka kidole, ungoje. Ukiusikia mshipa unanesa chini ya kidole ndipo uchukue sindano."

Sista aliweka kidole, akangoja. Alisema alingoja mpaka akasikia aibu. Kisha akausikia. Aliingiza sindano mara moja, damu ikarudi kidogo kwenye mrija kuonyesha ni penyewe, na kijana yule akasema, "Haya," akaenda zake kwenye kitanda kingine. Sherehe yake ilikuwa hiyo.

Yule mama wa Munje alikuwa kitanda cha pili, ameona yote. Siku iliyofuata dripu ya mwanawe iliziba, ikabidi ihamishwe mkono. Sista alikuwa anapita akiwa na sinia la dawa. Mama yule alimfunua mtoto nguo, akamnyoosha kuelekea kwake, kama mtu anayempa jirani mtoto amshikie mara moja. Sista aliponifikisha hapo, alichukua kiatu chake akakitazama ndani kwa muda mrefu.

*

Miezi ya kuangaliwa ilipokwisha, alipewa leseni yake, na baadaye akapata kazi palepale. Mumewe alioka keki kubwa ya hotelini, akaiandika kwa sukari nyeupe: HONGERA SISTA. Watoto walicheka kwamba baba amesahau jina la mke wake. Akajibu kwamba hajalisahau, ila halikutosha kwenye keki.

Ningependa niseme baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Sista mwenye kazi hakuwa rahisi. Alirudi amechoka, na uchovu wake ulikuwa na makali. Alilala akiwa ameketi, kijiko mkononi. Alisahau siku ya wazazi shuleni kwa binti wa pili, yule aliyekuwa na kifua kibovu utotoni, ambaye kwa ajili yake alikuwa ameacha kazi. Binti huyo alikuja kwangu na sketi iliyochanika, wakati huo ana umri wa kuona makosa ya kila mtu, akasema huku nikishona:

"Mama huruma yote anaimalizia wodini, shangazi. Sisi anatuletea makombo."

"Mwambie yeye," nikamjibu. "Mimi ni wa sketi tu."

Na alimwambia, mbele ya wenzake, mezani. Sista hakumpiga wala hakujitetea. Alikula mpaka akamaliza. Tangu wiki hiyo, kila siku yake ya mapumziko alimkalisha binti yule mkekani akamsuka nywele. Mikono ile iliyojua mishipa ya watoto wachanga haikujua kusuka. Mistari ilipinda kama njia ya mbuzi. Binti alikwenda shuleni na kichwa kile, mwanamwali mzima mwenye marafiki wa kumcheka, na sikumsikia akilalamika hata mara moja, wala hakukubali mimi nimtengeneze.

Na bado kulikuwa na furaha ndani yake ambayo sikuwahi kuiona zamani. Haikuwa ya kucheka. Kucheka alicheka siku zote. Ilikuwa katika mwendo wake, anapotoka asubuhi na soksi zake nyeupe, akipita kati ya madimbwi ya Mwabungo kama mtu anayetarajiwa mahali. Nilimuuliza siku moja kama hakuona miaka ile ya nyumbani imempotea. Alifikiri kweli, kama alivyofikiri kila swali.

"Haikupotea," akasema. "Niliila yote. Watoto wangu nawajua mpaka harufu ya homa zao. Ila mtu hali chakula kimoja mpaka kufa."

Baadaye alihamishiwa upande wa Kwale mjini, akapewa wodi yake ya kusimamia, wakahama wote. Nyumba ile ilipata watu wengine, watu wazuri, waliojenga ukuta wa mawe mahali pa ule ua. Tuliendelea kupigiana simu, Idi na Krismasi, kisha Idi tu, kisha salamu za kutumiana na watu.

*

Mara ya mwisho kukutana naye uso kwa uso ilikuwa Ukunda, katika duka la vitambaa ninakonunua zipu na bitana. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeingia mvi na hakuzipaka rangi. Alikuwa anachagua kitambaa cha arusi ya yule binti wa pili. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza, akaja mikono wazi, akanikumbatia kwa nguvu zake zilezile. Nikaruka nyuma.

Akaniachia, akarudi nyuma hatua, akanitazama.

"Kwapa," akasema. "Au titi?"

Nikasema hakuna kitu, ni kuchoka kwa cherehani. Nilikuwa na uvimbe upande wa kushoto tangu kabla ya mfungo. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu. Mama yangu aliondoka na ugonjwa wa namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba kisichotajwa hakipo.

"Umekiona lini?"

"Dada, tuko dukani."

"Naona tuko dukani. Umekiona lini?"

Nikamwambia. Hakunipa pole wala hakunitisha. Alimwambia muuzaji amwekee kitambaa, akachukua mfuko wangu akautia mkono wake wa kulia, mkono wa kushoto akanishika mimi, tukatoka kwenye jua. Kulikuwa na kliniki mtaa wa pili, ya watu asiowajua na wasiomjua. Njiani alinisimulia habari za arusi, chakula ambacho mumewe amepanga, jinsi mkwe wao mtarajiwa alivyoogopa kugusa sahani yake siku ya kwanza. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja.

Niseme mapema, ndugu msomaji asibaki na moyo juu: uvimbe ule ulitolewa wiki chache baadaye. Ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa haujatembea. Nilitibiwa, na leo bado nashona, ingawa mkono wa kushoto huchoka mapema.

Lakini siku ile hakuna aliyejua. Tuliketi kwenye benchi, yeye na nguo zake za kawaida, mimi na mikono yangu baridi. Kila mlango ulipofunguliwa nilitaka kuondoka, na kila nilipotaka kuondoka nilikuta mfuko wangu uko mapajani mwake. Hatimaye akatoka nesi kijana, msichana mchangamfu wa bara, akasoma jina langu. Nikasimama, na Sista akasimama.

"Ni mgonjwa peke yake anaingia," yule msichana akasema. "Wewe ni nani yake, mathe?"

Nilimgeukia Sista. Nilingoja aseme. Alikuwa msimamizi wa wodi nzima. Neno moja tu la kazi yake lingemfungulia kila mlango mle ndani, na msichana yule angemwamkia na kumvutia kiti. Tulikuwa hatujaishi karibu kwa miaka mingi.

"Mimi ni jirani yake," akasema.

Msichana alimtazama, akatutazama mikono, jinsi ilivyoshikana, akasogea pembeni. Tukaingia.